Besi ya gari kupotelea nyuma: tafuta kosa kabla hujanunua spika nyingine

Malalamiko mengi ya muziki wa gari yanafanana: "Fundi, nimeweka spika kubwa nyuma, lakini besi sijaiona." Anayesema hivyo huwa amekuja na dawa yake mkononi, ama spika kubwa zaidi, ama ampu (kikuza sauti) ya wati nyingi. Mara nyingi spika yake haina kosa lolote. Kosa lipo kwenye kitu alichoifungia.

Ninaongelea hasa saluni, yaani Corolla, Premio, Allion, Mark X na ndugu zao, ambazo nyuma ya siti ya abiria kuna kibao kinachofika hadi kwenye kioo, na chini ya kibao ni buti. Wenye Vitz, IST na Passo, kibao chenu ni kile chepesi kinachonyanyuka pamoja na mlango wa nyuma. Hicho hakibebi besi hata ukikibembeleza. Msikitoboe, wekeni boksi la sabufa, na mengi ya chini kuhusu umeme na mtetemo yatawahusu.

Kabla ya dalili, elewa jambo moja tu. Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, papo hapo inavuta hewa nyuma yake. Hewa hizo mbili zikipata njia ya kukutana zinafutana, na besi ndiyo inayokufa kwanza, maana wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu unaokaribia mita 7, refu kuliko gari lenyewe, halishindwi kupinda kona ya kibao. Shika spika mkononi ikiwa inalia, utasikia kiredio cha mfukoni. Ibane juu ya tundu la ubao mpana, besi inatokea palepale bila kuongeza wati hata moja. Kazi yote ya nyuma ya gari ni hiyo: hewa ya juu ya kibao isikutane na hewa ya buti.

Dalili: spika ni mpya, sauti ni kali, besi hakuna

Anza na nyaya, kwa sababu ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote na halina gharama. Spika mbili za nyuma zikipishana, moja chanya na hasi zimekaa sawa na nyingine zimegeuzwa, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Sauti za waimbaji utazisikia, ila zitakuwa kama zinatoka kila mahali, na besi itayeyuka ukikaa katikati ya siti. Kipimo: weka wimbo wenye besi nzito, kaa katikati ya siti ya nyuma, sikiliza. Zima redio, geuza nyaya za spika moja tu, kisha sikiliza tena. Mpangilio wenye besi nyingi ndio sahihi, uache hivyo.

Mzee mmoja dereva wa teksi aliniletea Premio akiwa ameshakata tamaa. Spika zake za umbo la yai, zile za inchi 6×9, alishazibadilisha mara mbili. Niligeuza waya wa kushoto, nikawasha. Akanyamaza kidogo.

"Fundi, umeniwekea spika gani?"

"Ni zilezile, mzee. Nimegeuza waya mmoja."

Hakufurahi sana, na simlaumu. Alikuwa ameshalipia jozi mbili.

Ukitaka uhakika zaidi, chomoa spika kabisa kutoka kwenye redio, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ya rimoti inatosha, gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja. Karatasi ikiruka nje, alama ni sahihi. Ikiingia ndani, aliyeandika alama hizo alikosea, au waya uliopitishwa ndani ya gari umebadilishwa rangi njiani. Hilo la pili lipo sana kwenye magari yaliyopita mikono ya mafundi watatu.

Nyaya zikiwa sawa, ingia kwenye redio. Angalia kama kuna kichujio kinachokata besi ya spika za nyuma. Redio nyingi za kisasa zina sehemu ya krosova, na mtu anaweza kuwa ameiweka hezi 120 au zaidi bila kujua. Kwa 6×9 zisizo na sabufa, ishushe hadi 60 hivi au izime. Angalia pia kama sauti imevutwa yote mbele. Usicheke, nimeshatoza watu hela kwa hilo.

Sababu ya tatu ndiyo kiini cha kazi: hewa inavuja. Na hapa kuna kipimo nikipendacho. Usiku, vua kava la kibao, lile la kitambaa kigumu, ubaki na bati. Washa tochi, iweke ndani ya buti ikitazama juu, funga buti. Kaa siti ya nyuma taa zote zikiwa zimezimwa. Kila unapoona mwanga, besi inapita hapo. Watu hushangaa: tundu la spika wameliziba vizuri, lakini bati la kibao lina matundu mengine makubwa ya kiwandani, mengine yanaingia ngumi, pamoja na uwazi mrefu nyuma ya mgongo wa siti.

Ya nne inaambatana na hiyo. Spika imefungwa kwenye kava lenyewe, ambalo ni nyuzi zilizogandamizwa, jamaa ya kadibodi, kwa skrubu nne fupi. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya kava karibu na spika, ongeza sauti. Sarafu ikicheza, nguvu ya spika inatikisa kava badala ya hewa.

*Tiba ya uvujaji na kibao laini.* Kalio la siti ya nyuma kwenye saluni nyingi za Toyota linatoka kwa kulivuta juu upande wa mbele, klipu mbili zinaachia. Mgongo una bolti chini na ndoano juu. Ukishafika kwenye bati, lisafishe kwa spiriti, kisha kata ubao wa marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) wa milimita 18 unaofuata umbo la kibao. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzuri kwa sauti na ni rahisi kukata, lakini ukanda wa Pwani unyevu unaivimbisha, na mpira wa kioo cha nyuma ukianza kuvuja umekwisha. Kama ni lazima utumie MDF, ipake rangi pande zote, kingo zaidi.

Kabla ya kukata tundu, fungua na ufunge buti huku unachungulia kwa chini. Saluni nyingi zina fito za chuma zilizopindwa chini ya kibao. Ndizo springi zinazonyanyua mfuniko wa buti, na zinajizungusha kila unapofungua. Sumaku ya 6×9 ya kina cha sentimita 8 au 9 inaweza kuzigonga. Ukiweka ubao juu ya bati unainua spika na kupata nafasi hiyo, ila pima kwanza kama kava litarudi juu yake.

Ubao ukiwa mnene, chonga ukingo wa tundu upande wa chini kwa mshazari wa nyuzi 45. Usipochonga, spika inapumulia kwenye bomba fupi na besi inakuwa nzito ya ajabu, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kati ya ubao na bati weka utepe wa povu lisilonywa maji, kisha funga kwa bolti na nati zenye washa pana, umbali wa sentimita 15 hivi kutoka moja hadi nyingine. Skrubu za kuchimba bati hulegea, nazo ndizo mkoromo wa miezi sita ijayo. Matundu mengine ya bati yafunike kwa vipande vya bati jembamba au plastiki ngumu, juu yake mkeka wa butili, mpira mzito unaonata wa kuzuia mtetemo. Nyuma ya mgongo wa siti, povu hilohilo.

Simama hapa na umwite mwenye ujuzi ukikuta mojawapo ya haya:

Kwanza, nguzo za pembeni ya kioo cha nyuma zimeandikwa SRS AIRBAG. Kuna mfuko wa hewa wa pazia ndani, na kuvua kava lake kwa bisibisi si kazi ya kujifunzia.

Pili, ni gari la mseto (haibridi), linalotumia mafuta na umeme. Betri kubwa ya Prius ipo sehemu ya nyuma, ina zaidi ya volti 200, na saluni za mseto nyingi huiweka nyuma ya mgongo wa siti. Ukiona waya mnene wa rangi ya chungwa, rudisha siti ulikoitoa. Na lile tundu lenye vijisahani pembeni ya siti ni la kupoozea betri. Usilizibe kwa mkeka wala kwa mizigo.

Tatu, tundu jipya linataka ukate mbavu ya bati la kibao. Bati hilo linashikilia bodi isijikunje. Usiguse pia maeneo yanayoshika mikanda ya usalama wala vishikizo vya kiti cha mtoto.

Dalili: sabufa inatikisa majirani, ndani ya gari unasikia mnong'ono

Hii ni ya wenye boksi ndani ya buti. Fungua buti, besi inajaa mtaani. Funga, kaa mbele, besi imebaki kwa nyuma kama mgeni aliyekosa kufunguliwa mlango. Saluni yenye bati zima nyuma ya siti inafunga sauti kwenye buti.

Jaribu kugeuza boksi kwanza. Spika itazame taa za nyuma, iwe sentimita 15 hadi 30 kutoka ukutani mwa buti, usikilize ukiwa siti ya dereva. Kisha ligeuze litazame juu. Halafu mbele, ligusane kabisa na siti. Gari moja linapenda hivi, jingine vile. Hakuna sheria, kuna masikio. Kama siti ina kile kilango cha katikati nyuma ya pumziko la mkono, kifungue wakati wa majaribio. Ikiwa besi inaongezeka maradufu, umeshajua tatizo ni njia.

Sababu ya pili haitajwi sana. Boksi la sabufa na 6×9 za kwenye kibao vinachangia hewa ya buti moja. Sabufa ikisukuma, inazipiga karatasi za 6×9 kutoka nyuma, nazo zinarukaruka hata kama zimezimwa. Zima 6×9 kwenye redio, acha sabufa ilie, kisha weka kidole taratibu kwenye karatasi ya mojawapo. Ikicheza sana, zinapigwa. Zinaharibu sauti ya kati na mwisho zinachanika.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza, zivalishe 6×9 vikopo kwa nyuma, vibanda vidogo vya mbao au plastiki ngumu, zitengwe na hewa ya buti. Besi yake itapungua, lakini kazi hiyo anayo sabufa, nazo uzipandishie krosova hadi hezi 80. Ya pili ndiyo ninayoichagua mimi, ingawa wateja hawaipendi: ng'oa 6×9 kabisa, acha matundu yake wazi chini ya kava la kitambaa linalopitisha hewa. Matundu hayo yanakuwa mlango wa sabufa kuingia ndani ya gari. Mtu aliyelipa hela kwa 6×9 kumwambia azitoe ili besi iongezeke inahitaji ulimi mzuri.

Hapa usichanganye mambo. Tiba ya dalili ya kwanza ilikuwa kuziba, na hapa ninakwambia ufungue. Tofauti ni boksi. Spika iliyomo ndani ya boksi la kufungwa, hewa yake ya nyuma imeshafungiwa humo, kwa hiyo kinachobaki ni kuiruhusu ya mbele ipite. Sabufa iliyofungwa moja kwa moja kwenye bati la kibao bila boksi inalitegemea buti liwe boksi lake, kwa hiyo kila tundu ni adui. Na si kila sabufa inafaa kuwekwa hivyo. Ile iliyoundwa kwa boksi dogo ikiwekwa kwenye kibao inakosa hewa ya kuizuia, karatasi inaruka kupita kiasi mpaka koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inagonga chini, "tak, tak". Ukisikia mlio huo punguza sauti saa hiyohiyo.

Dalili: besi ipo, lakini gari zima linakoroma

Pleti namba ya nyuma, katika magari matatu kati ya matano ninayoyashika. Ibonyeze kwa kidole muziki ukiwa unalia. Mkoromo ukikata, bandika vipande viwili vya povu nyuma yake. Endelea kwa mtindo huohuo: bonyeza taa ya breki ya tatu kwenye kibao, kava za nguzo, mfuniko wa buti, jeki na spana zilizotupwa kwenye tairi la akiba. Mtu mmoja alitaka nimng'olee kibao chote, kumbe ni chupa ya maji ya betri iliyokuwa inajigonga kwenye jeki.

Baada ya hapo ndipo ufikirie mkeka. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: likijibu kwa mlio mrefu wa debe, linahitaji uzito. Huna haja ya kufunika kila inchi. Robo ya eneo, katikati ya paneli, inabadilisha mlio mpaka wewe mwenyewe unausikia. Tumia butili yenye karatasi ya aluminiamu. Ile lami ya kuezekea nyumba ni rahisi dukani, lakini chini ya kioo cha nyuma gari likiwa limeegeshwa juani saa nane mchana, inalainika, inateleza na kunuka hadi kwenye nguo. Sponji la godoro lisahau kabisa, linanyonya maji na kukuletea kutu kimyakimya. Na lile povu la kopo linalovimba, usilipulize ndani ya nguzo za bodi: linaziba njia za maji na linaweza kubana mfuko wa hewa.

Dalili: besi inakwaruza sauti ikipanda

Kama spika zinaendeshwa na redio peke yake, redio imefika mwisho wake. Maandishi ya "50W × 4" usoni ni nguvu ya kilele. Ya kudumu huwa kati ya wati 15 na 22 kwa kila spika. Ukipandisha besi na sauti pamoja, redio inakata vichwa vya mawimbi, na huo ndio mkwaruzo. Shusha besi hadi sifuri, ongeza sauti, linganisha. Ukitaka zaidi, ni ampu.

Ukiwa na ampu, kosa la kawaida ni kitufe cha geini. Watu wanakichukulia kama cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha ampu na redio. Kishushe chote, weka redio kwenye robo tatu ya sauti na besi zote zikiwa sifuri, kisha pandisha geini taratibu hadi usikie mkwaruzo wa kwanza, urudi nyuma kidogo. Sabufa ikatwe hezi 80, ibaki na sauti za chini ya hapo tu.

Mkwaruzo ukibaki hata kwa sauti ndogo, zima, bonyeza karatasi ya spika kwa vidole viwili pande zote sawasawa. Ukisikia mchanga unakwaruza, koili imepinda au imeungua. Harufu ya kuungua ikitoka wakati wowote, zima kabla hujafikiria kitu kingine.

Dalili: taa zinafifia kila besi ikipiga, au ampu inajizima

Pima betri kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.6 hivi, ikiwa inaunguruma, 13.8 hadi 14.4. Kisha pima kwenye vishikio vya ampu, besi ikiwa inapiga. Volti zikishuka sana kwenye ampu huku betri ikiwa sawa, waya ni mwembamba au ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, ni mbaya. Ethi iwe fupi, isizidi nusu mita, kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Usitumie bolti ya mkanda wa siti. Nyaya nyingi za bei ndogo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani umeshapata jibu.

Ampu inayojizima baada ya dakika chache mara nyingi imebebeshwa omu (kipimo cha ukinzani wa spika) ndogo kuliko inavyostahimili. Sabufa ya koili mbili za omu 4, zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2. Zikifuatana zinakuwa 8. Soma kibandiko cha ampu inakubali ngapi.

Hapa kuna moto, kwa hiyo sitanii. Waya mkuu wa ampu uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ukubwa wa fyuzi ufuate unene wa waya. Kila unapopita kwenye tundu la bati uvae mpira. Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi wala kuifunga kwa waya. Mpelekee fundi umeme wa magari. Na kabla ya kuingiza skrubu yoyote kwenye sakafu, ingia chini ya gari uone, maana tanki la mafuta kwenye saluni nyingi lipo chini ya siti ya nyuma, na mabomba ya breki yanapita jirani.

Dalili: mlio mwembamba unaopanda injini ikikanyagwa

Ethi tena, au waya wa ishara kutoka kwenye redio umelazwa pamoja na waya wa moto. Upitishe upande mwingine wa gari. Vikipishana, vipishane kama msalaba.

Dalili: besi imekuja, lakini sasa milango ya gari inafungika kwa nguvu

Umeziba kupita kiasi. Pembeni mwa buti, nyuma ya kapeti, kuna vilango vya mpira vya kutolea hewa mlango unapofungwa. Bandua mkeka uliobandika hapo. Vilango hivyo besi haivijali sana, na ukiviacha vimezibwa, abiria wa nyuma atakuwa anapigisha mlango mara tatu kila akishuka.